Mdogo wangu kiziwi amepata lugha huku Marekani, sasa nyumbani hatuelewani. Tufanyeje?

#1 BintiFizi (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Sisi ni Wabembe wa Fizi, Kivu Kusini. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, na mdogo wangu kazaliwa humohumo kambini. Akiwa na mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, masikio hayakurudi. Darasa la kwanza alilianza mara mbili. Alikuwa anakaa nyuma anachora malori, yale meupe yanayoleta unga, mpaka mwalimu akasema tumwache nyumbani asije akaumia bure. Kwa hiyo lugha yetu naye ilikuwa mikono ya nyumbani: kula, maji, njoo, mvua, polisi. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wake. Akienda kuchota maji naenda naye, akigombana na mtu naitwa mimi.

Tumefika Kentucky miaka mitatu iliyopita, yeye akiwa na 14. Shule wakamweka darasa lenye viziwi wenzake na mwalimu wa lugha ya alama ya Kimarekani. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Wa pili akafunguka kama bomba lililokuwa limeziba. Sasa hivi ana 17, mikono inakimbia hata siioni.

Shida iko nyumbani. Akiongea na mama anamkunjia uso. Akitaka umwangalie anapiga mguu sakafuni, au anawasha na kuzima taa hata kama mna wageni. Baba mdogo anasema huo ni utovu wa nidhamu, kambini asingethubutu. Akishakula anaingia chumbani na simu, anaongea na wenzake kwa video mpaka saa nane za usiku, unamsikia anacheka peke yake. Kanisani hataki tena. Mama analia, anasema Marekani imemwibia mtoto.

Sasa kilichonileta hapa. Juzi shule wamemwita mama kwenye kikao, nikaenda kumtafsiria kama kawaida. Mwalimu akauliza, huyu kijana akimaliza anataka kufanya nini? Nikajibu, anataka kazi ya ghala kama kaka zake. Mdogo wangu akanishika mkono, akaushusha mezani, akamgeukia mkalimani wake. Yule mama akasema kwa Kiingereza: "Dada yangu hajui ninachotaka. Hajawahi kuniuliza."

Mbele ya watu saba. Mama ananivuta nguo, amesema nini, amesema nini. Nikamwambia kasema atafikiria.

Naombeni mawazo. Matusi sitajibu.

#2 Mpita_Njia

Nimekaa hapa kwenye kona, nafuatilia.

#3 MzeeBaraka

Binti, pole. Mimi naona mnazunguka mbuyu. Mko Marekani, nchi yenye madaktari wote hao, kwa nini mtoto asiwekewe ile mashine ya ndani ya sikio? Nimeona video, mtoto anawashiwa kifaa anasikia sauti ya mama yake, watu wote wanalia. Hii mikono inamfunga tu abaki bubu. Na mumwombee, Mungu hajashindwa.

#4 Mkalimani_Nairobi

Mzee, kwa heshima, hapo kuna mambo mawili yamechanganywa.

Zile video ni za watoto wachanga. Mashine haimpi mtu lugha, inampa sauti, na ubongo ndio unajifunza kuigeuza sauti kuwa maneno katika miaka ile ya kwanza ya maisha. Kijana wa miaka 17 ambaye hajasikia tangu akiwa na mwaka mmoja na nusu akiwekewa leo, anaweza kusikia mlango ukigongwa na gari likipiga honi. Kufuata maongezi ni kitu kingine kabisa. Halafu homa ya uti wa mgongo ina ubaya wake: ile sehemu ya sikio la ndani iliyojikunja kama konokono inaweza kuota mfupa, ndiyo maana mtoto aliyeugua huwa anawahishwa. Sisemi wasiende kwa daktari, waende. Lakini lugha asingojee.

Na neno bubu tuliache, Mzee wangu. Kijana ana lugha. Hata huyo dada yake ameandika hivyo.

Sasa dada BintiFizi. Mimi ni mkalimani wa lugha ishara, nilianzia Kenya, nimewahi kufanya kazi na watoto viziwi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Pale mtoto anatoka Sudan Kusini, mwingine Somalia, mwingine kwenu Kongo, kila mmoja amekuja na mikono ya mama yake. Ukiwaweka darasa moja, baada ya miezi wanasengenya walimu kwa lugha ishara ya Kenya. Kwa hiyo huyo mdogo wako sijashangaa, na nina mambo ya kukwambia.

Kile kikao. Wewe hukupaswa kutafsiri. Sheria ya elimu ya wenye ulemavu huko mliko, ile IDEA, inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kila kinachosemwa. Mzazi asiyejua Kiingereza anatafutiwa mkalimani na shule, na shule ndiyo inamlipa. Kikao chenu kilikuwa cha wakalimani wawili, wa mikono na wa Kiswahili, na wewe ukae pale kama dada. Waandikieni barua kabla ya kikao kijacho, mistari mitatu inatosha: mama anahitaji mkalimani wa Kiswahili, si mtu wa familia. Andikeni Kiswahili cha wapi pia, maana wanaweza kuwaletea mtu wa Lamu na mama yako ni wa Fizi, waanze kuulizana maana ya maneno.

Sheria hiyohiyo inasema mpango wa mtoto kiziwi lazima uangalie kama anapata watu wa kuongea nao moja kwa moja kwa lugha yake, wanafunzi na walimu. Kuanzia miaka 16 lazima kuwe na mpango wa maisha baada ya shule, na yeye mwenyewe aalikwe. Aliulizwa anataka nini kwa sababu hiyo. Na kama hajapata cheti cha kumaliza, anaweza kuendelea kusoma mpaka 21. Msikubali asukumwe nje akiwa na 18 kwa sababu "amekuwa mkubwa". Aliyeanza lugha akiwa na 14 anaihitaji hiyo miaka.

La mwisho, ombeni mkalimani kiziwi. Ndiyo, yupo. Ni kiziwi aliyesomea ukalimani, anafanya kazi sambamba na anayesikia. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na bado kuna kijana ananipita kabisa. Anakuja kiziwi mwenzake, anamwangalia dakika mbili, anasema "anazungumzia kisima."

#5 BintiFizi

Asante kaka Mkalimani, nimehifadhi. Lakini mnisamehe, imeniuma kidogo. Huyu mtoto nimembeba mgongoni. Kambini asingepata hata uji wa foleni bila mimi. Leo naambiwa kaa kando kuna mtu wa kulipwa?

#6 KiziwiHuru

Dada, mimi ni kiziwi. Mtanzania, nimesoma Tabora, ile shule ya viziwi iliyoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1963. Sasa nipo Rochester, New York, kwenye chuo cha ufundi cha viziwi kilichofunguliwa 1968. Kiswahili nimejifunza kwa kuandika, mkiona kosa mnivumilie.

Nataka nikueleze kuhusu uso. Kwenye lugha ya alama ya Kimarekani, ukiuliza swali la "nini", "nani", "wapi", "kwa nini", nyusi zinashuka. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana, nyusi zinapanda. Ni sarufi. Nikiuliza "wapi" na uso wangu mkavu, kiziwi mwenzangu ananiona kama naongea usingizini. Mdogo wako akimkunjia mama uso, anamuuliza kitu! Mama anaona hasira, anaondoka au anamchapa kofi. Yeye anabaki na swali lake.

Taa na mguu ndivyo tunavyoitana. Sakafu ya mbao inatetemeka, unahisi. Wewe unamwita mtu kwa jina akiwa amekupa mgongo, mimi nitamwitaje?

Pia kutazama machoni. Kwetu mtoto akikemewa na mkubwa anaangalia chini, ndiyo adabu. Mimi nikiangalia chini nimeziba masikio. Baba yangu alichukua miaka kuelewa hilo, Mungu amlaze pema.

Kuhusu kukaa kando. Dada zangu wawili walikuwa kama wewe, nawapenda. Lakini nikienda hospitali na dada, daktari anaongea na dada dakika kumi, dada ananigeukia: "Kasema unywe dawa." Dakika kumi! Zimeenda wapi zile nyingine? Hata hapo shuleni ulimwambia mama "kasema atafikiria". Ulifanya kwa nia njema. Umeona lakini?

#7 MamaWawili_AZ

Hapo kwa hospitali naongeza. Wanangu wawili ni viziwi, tuko Arizona. Hospitali moja, siitaji, walitaka mtoto wangu anayesikia, wa miaka 11, amwambie kaka yake kwamba anafanyiwa upasuaji. Wa miaka 11! Nikasema sitasaini. Nikakaa na fomu mkononi saa tatu nzima mpaka wakaleta ile skrini ya magurudumu yenye mkalimani. Baadaye kesiwoka, yule afisa wa ustawi, akaniambia sheria ya 1990 ya wenye ulemavu inawalazimisha kuleta, bure, na hawaruhusiwi kumtumia mtoto labda iwe dharura ya kufa na kupona. Sikuwa najua sheria yoyote, nilikuwa na hasira tu.

#8 Kijiweni

Swali la pembeni wakuu. Ni lugha ya ALAMA au lugha ya ISHARA? Naona mnapishana.

#9 Mkalimani_Nairobi

Tanzania alama, Kenya ishara. Katiba yetu ya 2010 imeipa nafasi bungeni pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ni kitu kimoja, kama maandazi na mahamri.

#10 Kijiweni

Maandazi na mahamri SI kitu kimoja mkuu 😂

#11 KiziwiHuru

Tusitoke nje ya uzi. Ila kwa kuwa mmegusa lugha: watu wanadhani lugha ya alama ni moja dunia nzima. Nilipofika huku sikuelewa kitu wiki za kwanza. Lakini nina rafiki Mkongo aliyesoma shule ya viziwi kwao, yeye alielewa karibu nusu siku ya kwanza. Unajua kwa nini? Andrew Foster. Mmarekani mweusi, alizibwa masikio akiwa na miaka 11 na ugonjwa huohuo wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 akawa mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi kule Washington. Akaja Afrika, akaanzia Ghana 1957, akafungua shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi, na walimu aliowafundisha wakazipeleka zile alama za Kimarekani mpaka nchi za Kifaransa. Alikufa kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Mdogo wako angepata shule Kongo, pengine angefika Kentucky tayari anajua "mama" na "shule".

Mwonyeshe picha ya huyo mtu. Kijana wetu huku kila kiziwi mkubwa anayemwona ni Mzungu. Na kila Mkongo anayemwona anasikia. Anakaa wapi?

#12 FundiBomba_KY

Dada tuko jimbo moja. Mimi nina binamu kiziwi, tulikuja naye 2016. Niongelee kazi maana humu mnaongelea sheria tu.

Kazi ya ghala si mbaya, binamu yangu yuko huko, analipwa sawa na mimi. Lakini aliingia kwa kuvutwa mkono na mjomba, hakuna aliyemuuliza, na mkutano wa usalama wa kila asubuhi anasimama tu kama mnara. Miaka minne. Siku moja wakabadilisha njia ya foklifti, watu wote wameambiwa yeye hajaambiwa. Alikoswakoswa.

Mimi ningejua mapema ningempeleka kwenye ofisi ya jimbo ya kuwatafutia kazi wenye ulemavu, wanaiita VR, kila jimbo inayo. Wanalipia mafunzo, vifaa, hata mkalimani wa kwenye usaili. Tena kuna sheria ya 2014 inawataka watenge asilimia 15 ya pesa za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi ambao BADO wako shule. Kwa hiyo usingoje amalize. Mwalimu wake anajua, mwambie akuunganishe.

Na pale Danville kuna shule ya jimbo ya viziwi, ya tangu 1823, ina mabweni. Mama atakataa kusikia habari ya bweni, najua, wa kwetu alikataa. Lakini nendeni mtembee tu siku moja, umwone mtoto akiingia sehemu ambayo mpaka mpishi anaongea kwa mikono.

#13 MzeeBaraka

Nimesoma yote. Neno nililotumia naliondoa. Lakini nauliza, mama yake ana umri gani? Mtu mzima ambaye hata Kiingereza hajakishika mnamwongezea lugha nyingine? Ataiweza?

#14 KiziwiHuru

Shikamoo Mzee. Kwa nini apitie Kiingereza? Ndizi anaiona, alama ya ndizi anaiona. Mikono haipiti London kwanza.

Maneno 50 yanatosha kuanza. Mwalimu awe kijana mwenyewe, mezani. Wazazi wanaosikia ndio wanaozaa watoto viziwi tisa katika kila kumi, hata zaidi, kwa hiyo mama si wa kwanza. Akikosea watacheka. Nyumbani kwangu mimi walicheka nikiwa na miaka 22, ndiyo mara ya kwanza nilicheka nao kitu kimoja kwa wakati mmoja.

#15 Mkalimani_Nairobi

Nyongeza fupi kabla sijasahau. Ile simu ya video ya viziwi inayopitia kwa mkalimani ni bure, anaweza kuagiza hata pizza. Lakini upande wa pili ni Kiingereza na Kihispania tu. Kiswahili hakipo. Akimpigia mama hawatapatana. Kwa hiyo mama akijua ishara kumi za kwanza, watapigiana video ya kawaida, moja kwa moja, hakuna mtu katikati.

Na uraia: mama akifikisha miaka mitano ya kuishi huko kijana atakuwa ameshapita 18, hataupata kupitia kwa mama. Ataomba mwenyewe. Aombe mkalimani wa mikono kwenye fomu, wanatoa.

#16 BintiFizi

Wakuu, wiki saba zimepita, naleta mrejesho. Nilikaa kimya kwa sababu kulikuwa na mambo.

Barua tuliandika. Kikao kikaitishwa upya. Mama alipata mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, Mkongo wa Uvira, waliulizana kabila kwanza dakika tano. Mdogo wangu akawa na wawili, yule mama wa siku zote na mkalimani kiziwi, kijana mwembamba mwenye ndevu. Mimi nikakaa mwisho wa meza. Mikono nimeikalia, kwa kweli, maana ilikuwa inawasha.

Anataka kupaka rangi magari. Malori hasa. Anajua mpaka jina la bunduki ya kupulizia rangi. Shule ya ufundi ipo dakika 20 kutoka kwetu, ofisi ya VR wamemfungulia faili. Hilo limeenda.

Lakini kabla kikao hakijaisha akauliza kitu, nyusi zimeshuka kabisa, KiziwiHuru ulinifungua macho. Alifanya ile alama yetu ya nyumbani, mgongo umepinda, mkono unatetemeka kama umeshika fimbo. Hiyo alama amekuwa akitufanyia tangu tumefika, mama na mimi tukajua anasema amechoka, au mgongo unamuuma. Tulishampeleka mpaka kwa daktari wa mgongo! Yule mkalimani kiziwi akamuuliza mara mbili tatu, halafu akasema: "Anauliza bibi anakuja lini."

Bibi yetu alifariki Nyarugusu mwezi wa nne baada ya sisi kuondoka. Tulilia nyumba nzima, majirani walijaa, tuliweka na picha ukutani. Yeye alikuwa amekaa palepale kwenye kochi. Tulidhani anajua.

Aliambiwa siku hiyo, ndani ya ofisi ya shule. Mama ndiye alisema, kwa Kiswahili, ikapita kwa mtu wa Uvira, ikapita kwa yule mama, ikapita kwa kijana wa ndevu, ikamfikia. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza nani alimzika. Akauliza na fimbo yake iko wapi.

Sitaandika zaidi hapo.

Sasa kila Jumatano jioni anatufundisha. Baba mdogo alikuja mara moja, akasema mikono yake ya jembe haikunji, lakini wiki iliyofuata alikuja tena. Mezani chumvi tulikuwa tunasaga vidole juu ya sahani, sasa ni vidole viwili juu ya viwili, vinapigapiga kama vinacheza kinanda. Mama anachanganya, alimwomba kitu siku nzima mtoto haelewi, kumbe anatengeneza neno lisilokuwepo.

Na tumepewa majina. KiziwiHuru amenieleza kwenye ujumbe kwamba kiziwi ndiye anayetoa, huwezi kujichagulia. Mama ni fundo la kilemba, vidole vinafunga hapa juu ya sikio la kushoto. Mimi nilikuwa kovu la kwenye nyusi tangu utoto, nikajua litabaki hilo. Amelibadilisha. Sasa ni mkono unaovuta mkono wa mwenzake. Sijui nifurahi au nikasirike, anacheka tu nikimuuliza.

Juzi alirudi saa tano usiku, alikuwa kwa wenzake. Mama alikuwa anamngoja sebuleni. Akawasha na kuzima taa, akamshushia nyusi zote mbili, akauliza kwa mikono: "Wapi?" Mtoto akasimama mlangoni na begi lake, akamwangalia, akainua dole gumba kwamba ameuliza vizuri sana.

Mama akauliza tena.